Sura ya Sita: Nani Mwenye Amri?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, kama mita 500 kabla ya kuufikia uwanja wa Bukoba. Ndani mlikuwa na watu 43. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Majaliwa Jackson, kijana aliyeishi kwa kuvua, alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na abiria wakaanza kutoka. Watu 24 waliokoka. Wengine 19 walipoteza maisha, wakiwemo marubani wote wawili.

Taifa lilimshukuru kijana huyo kwa shilingi milioni moja na kwa agizo la Rais kwamba aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili yote hayo, na zaidi. Kilichozungumzwa kidogo ni sehemu ya pili ya simulizi yake. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba baada ya mlango kufunguka alikwenda upande wa mbele, akawaona marubani wakiwa bado hai nyuma ya kioo, akataka kukivunja. Akakatazwa. Baadaye, mlango wa dharura wa chumba cha marubani ulipokuwa ukivutwa kwa kamba, kamba ilikatika ikampiga usoni, akazimia, na akaja kuzinduka hospitalini. Ripoti ya awali ya wachunguzi nayo ilieleza kuwa boti ya polisi wanamaji ilifika saa kadhaa baada ya ajali, ikiwa na upungufu wa mafuta na wa hewa ya wazamiaji.

Kama kuvunja kioo kile kungewaokoa marubani au kungewamaliza, hilo ni la wataalamu wa ndege. Sura hii inauliza jambo lingine. Aliyesema "usivunje" alisema kwa mamlaka ya nani? Pale ufukweni, afisa ambaye kila mmoja alipaswa kumtii alikuwa wa uwanja wa ndege, wa polisi, wa zimamoto, au wa ofisi ya mkoa? Na boti ikikosa mafuta siku ya msiba, ni nani anayejibu, na anajibia wapi? Tumezoea kuyaona maswali haya kuwa ya vikao na ripoti. Ninaamini ni maswali ya uhai, na kwamba hujibiwa, vizuri au vibaya, miaka mingi kabla king'ora hakijalia: katika sheria, katika bajeti, na katika mikataba ambayo mwananchi wa kawaida haioni.

Ziwa hilihili lilikwisha kutupa somo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Kwa muda ilielea tumbo likiwa juu, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Likatobolewa tundu kwenye bati ili watolewe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kupitia tundu hilo, na meli ikazama pamoja na waliokuwamo. Waliotoboa walitaka kuokoa, na hakuna anayepaswa kuwanyooshea kidole. Katika msiba ule alikosekana mtu aliyefunzwa, mwenye uwezo wa kusema "subirini" na akasikilizwa. Miaka 26 baadaye, Bukoba, alikuwepo wa kukataza. Matukio hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja: amri na ujuzi havikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyetambulika mapema.

Tuanze na swali la nani anayejibu, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi. Nyumba ikiungua wakati zimamoto wamepigiwa simu wakachelewa, mwenye nyumba anaweza kuwadai? Mgonjwa akifa akisubiri gari la wagonjwa lililoahidiwa, familia yake ina kesi?

Sheria ya madai ya uzembe tunayoitumia Tanzania Bara na Kenya ina mizizi Uingereza. Kenya ilipokea kanuni za sheria ya Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za London za baada ya tarehe hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzibeba mahakamani kila siku na majaji huzisikiliza. Kwa hiyo hukumu tatu za huko zinamgusa mtu wa Tanga na wa Kisumu kuliko anavyodhani.

Ya kwanza ni ya mwaka 1988. Mama wa msichana aliyeuawa na Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake 13, aliwashtaki polisi wa West Yorkshire kwamba uzembe wao katika upelelezi ulimwacha muuaji huru hadi akamfikia bintiye. Mahakama ya juu ilimkatalia. Ilisema polisi hawawiwi wajibu wa uangalifu na kila mtu anayeweza kudhuriwa na mhalifu wasiyemjua, na kwamba wakiogopa kesi watafanya kazi ya kujikinga wenyewe. Ya pili ni ya mwaka 1997. Jengo la Basingstoke liliwaka moto, na mitambo ya dari ya kunyunyizia maji ilikuwa ikifanya kazi. Kamanda wa zimamoto akaamuru izimwe. Moto ukashinda. Mahakama ya Rufani ilisema zimamoto hawawajibiki kisheria kwa sababu tu wamepigiwa simu hawakufika kwa wakati, lakini wakifika wakaifanya hali iwe mbaya zaidi, hapo watalipa.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ya haki kuliko zote. Mwaka 1991 mwanamke mwenye pumu alibanwa vibaya nyumbani kwake London. Daktari aliyekuwa pale alipiga simu, akaambiwa gari linakuja. Likachukua kama dakika 40. Mwanamke akaacha kupumua na kupata madhara ya kudumu. Shahidi muhimu alikuwa daktari mwenyewe: alisema angejua gari litachelewa, mume wa mgonjwa angempeleka hospitali kwa gari lao. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba huduma ya magari ya wagonjwa, ikishaipokea simu ya mtu anayejulikana mahali alipo na ikaahidi kuja, imebeba wajibu kwa mtu huyo. Ahadi ilimfunga miguu: kwa kuiamini, familia iliacha kutafuta njia nyingine.

Hoja hiyo inafaa mno kwetu, ambako njia nyingine ipo karibu kila mara: bajaji ya jirani, bodaboda, mtumbwi, pikapu ya mwenye duka. Anayepokea simu ya 114, namba ya zimamoto na uokoaji, akasema "tunakuja", ilhali anajua gari pekee la wilaya liko gereji, amemnyima mpigaji muda wa kuita bodaboda. Kusema ukweli kwenye simu ni sehemu ya huduma yenyewe. Ningependa kila kituo cha kupokea simu za dharura kiwe na utaratibu ulioandikwa unaomlazimu mpokeaji kutaja muda unaokadiriwa, na kumwambia mpigaji waziwazi asisubiri pale ambapo kusubiri ni hatari.

Kenya imekwenda mbali zaidi ya msimamo wa ile hukumu ya kwanza. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi katika shauri la wasichana waliobakwa, ambao malalamiko yao kwa polisi hayakuchunguzwa ipasavyo. Mahakama ilisema uzembe huo wa polisi ulivunja haki zao za kikatiba, ikaamuru uchunguzi ufanyike. Wale wasichana hawakuhitaji kuthibitisha kwamba askari fulani alikuwa na wajibu wa pekee kwao kwa mujibu wa kanuni za madai za Kiingereza. Walisimama juu ya Katiba. Hapo ndipo nafuu ya mwananchi ilipo, kwa maoni yangu: Katiba humuuliza mwenye dola kwa nini hakulinda, wakati sheria ya madai humuuliza mlalamikaji kwa nini anadhani alistahili kulindwa yeye hasa.

Tanzania nayo ina Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Lakini anayetaka kuidai Serikali fidia lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, atafute kumbukumbu za simu na za safari ambazo ziko mikononi mwa anayemdai, na alipe wakili. Kwa mjane aliyefiwa na mume kwenye daladala iliyopinduka, safari hiyo ni ndefu kuliko uwezo wake.

Kuna karatasi nyingine inayopaswa kutajwa hapa, kwa sababu imegharimu damu: PF3. Fomu hii ya polisi ina kazi halali. Mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa au katika ajali hupimwa, daktari huandika alichokiona, na maandishi hayo huwa ushahidi mahakamani. Tatizo lilianza fomu ya ushahidi ilipogeuka kuwa tiketi ya matibabu. Majeruhi anavuja damu kwenye benchi, ndugu anatimua mbio kituoni, mwandikaji ametoka, kitabu cha fomu kimekwisha. Mara kwa mara viongozi wa afya na wa polisi wamesema hadharani kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Matamko ni mazuri, lakini muuguzi wa zamu ya usiku anayeogopa kuitwa mahakamani, au kuulizwa kwa nini alimpokea mtu ambaye huenda ni jambazi, halindwi na tamko. Analindwa na kifungu cha sheria na mwongozo wenye saini uliobandikwa ukutani pale mapokezi.

Hofu hiyohiyo humshika dereva wa bodaboda anayemkuta mtu amelala barabarani. Akimbeba, atageuka shahidi, au mbaya zaidi, mshukiwa. Wengi hupita. Hatuwezi kuwalaumu peke yao wakati hatujawaandikia popote, kwa lugha wanayoielewa, kwamba aliyemfikisha majeruhi hospitalini akaacha jina lake yuko huru kuondoka.

Kenya iliandika. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2015, majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa kama saa 18 ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi huku kitanda cha wagonjwa mahututi kikitafutwa. Alipopokelewa hatimaye, hakupona. Wahudumu wa gari lile walikaa naye muda wote huo, wakimtunza kwa vifaa vilivyokusudiwa safari fupi. Haki yake ilikuwa imeandikwa katika sheria kuu ya nchi, kitanda hakikuwepo. Sheria ya Afya ya 2017 ilikuja kukaza: kifungu cha 7 kinaeleza kwamba huduma ya dharura inajumuisha ile ya kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa, na kupanga uhamisho wake, na kituo chenye uwezo kikikataa kutoa huduma hiyo kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu za Kenya. Angalia maneno "chenye uwezo". Ni maneno ya haki, maana huwezi kumwadhibu asiye na mashine. Ni pia mlango mpana, kwani kila hospitali inaweza kusema usiku ule haikuwa na uwezo. Mlango huo unazibwa kwa daftari moja la wazi la vitanda vya mahututi, linaloonwa na waratibu wa magari kila saa. Bila hilo, dereva anazunguka mji akibisha hodi.

Sasa turudi kwenye amri. Tanzania na Kenya zimechukua njia zinazokwenda pande tofauti, na kila moja imelipa bei yake. Tanzania, kwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, iliiondoa kazi hii kwenye halmashauri ikaiweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kukawa na jeshi moja lenye Kamishna Jenerali. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, ilizipa kaunti uzimaji moto, usimamizi wa maafa na magari ya wagonjwa, huku polisi wakibaki wa taifa.

Faida ya jeshi moja ni mafunzo ya namna moja na uwezo wa kuhamisha gari kutoka mkoa hadi mkoa. Lakini maji anayoyahitaji askari wa zimamoto ni ya mamlaka ya maji, kichochoro kilichozibwa na vibanda kiko chini ya halmashauri, na kibali cha ghorofa lililozidi urefu wa ngazi yake kilitolewa na ofisi nyingine kabisa. Yeye hukagua majengo na kutoza ada ya ukaguzi, kisha hurudi siku ya moto kukuta bomba la barabarani la kuunganishia mipira limefukiwa chini ya lami.

Nikae kidogo hapa, maana pana dhuluma inayofanywa kwa askari hawa. Mara ngapi tumesikia "wamekuja bila maji", na mawe yakafuata? Tupige hesabu. Gari lenye lita 5,000 likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, maji yanakwisha kwa dakika 10. Mipira miwili, dakika tano. Baada ya hapo gari lazima liunganishwe na bomba au liondoke kwenda kujaza. Umati unaliona likiondoka moto ukiwa unawaka, au unaliona likirudi mara ya pili, na unahukumu. Askari anayerushiwa jiwe anaadhibiwa kwa kosa la bomba ambalo si lake, katika mtaa ambao hakuupanga. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyepaswa kuyakagua mabomba ya kata hiyo, na swali hilo liulizwe kwenye baraza la madiwani mwezi ambao hakuna kilichoungua.

Upande wa Kenya, kaunti tajiri inaweza kununua magari na kukodi huduma ya wagonjwa, na jirani yake ikabaki na gari moja bovu. Moto na ajali za barabara kuu havitambui mipaka ya kaunti. Zaidi ya hapo, katika tukio moja hukutana watumishi wa gavana na askari wa serikali kuu, na hakuna kati yao aliyezoea kumtii mwenzake.

Lakini hata ndani ya serikali kuu yenyewe, amri inaweza kugawanyika na kuua. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliliingia jengo la Westgate, Nairobi, na watu 67 waliuawa. Raia wenye silaha na askari wachache waliingia mapema na kuwatoa watu wengi. Kisha kikaja kikosi maalumu cha polisi, kisha jeshi. Vikosi viwili vya nchi moja vilikutana ndani ya jengo bila kamanda mmoja na bila mawasiliano ya pamoja. Afisa wa kikosi cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wake, polisi wakaondoka, na kuzingirwa kwa jengo kukaendelea hadi tarehe 24. Kila askari aliyeingia pale alikuwa jasiri. Kilichokosekana kingeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja: tukio la aina hii likitokea, kamanda ni fulani, masafa ya redio ni haya, na anayefika baadaye huripoti kwake kabla ya kuingia.

Lori la mafuta likipinduka, ukurasa huo huwa na sentensi moja muhimu kuliko zote: watu wawekwe mbali. Sachangwan, Kenya, tarehe 31 Januari 2009. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, ambako zaidi ya watu 200 walikufa. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100. Mara zote wananchi walikuwa wamelisogelea lori wakichota mafuta au wakitazama. Kazi ya kwanza hapo si ya zimamoto, ni ya polisi, na askari wawili wa usalama barabarani hawawezi kuuzuia umati wenye madumu. Wanahitaji kuongezewa nguvu ndani ya dakika chache, vipaza sauti, na viongozi wa mtaa waliokwisha kuambiwa wafanye nini. Haki ya kuwasukuma watu nyuma wanayo tayari; nguvu ya kuitekeleza ndiyo inayochelewa.

Nimeacha kwa mwisho jambo linalonipa matumaini, na ambalo lina maswali yake. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kisha ukazinduliwa kitaifa mwezi Aprili 2022, umekubali ukweli kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, simu hupigwa bure kwa namba 115. Mratibu huuliza dalili, huchagua kituo kinachofaa, kisha hutuma gari la wagonjwa, au kama halipo karibu, dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa na kufunzwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Yale yote niliyoyalilia katika sura hii yapo humo: mtu mmoja mwenye amri ya safari, hospitali iliyoambiwa mapema, na malipo yasiyomsubiri mgonjwa afungue pochi.

Sasa mpango huo ukiigwa kwa ajali za barabarani na moto, kama ninavyotamani, wanasheria wa halmashauri wana kazi ya kufanya kabla ya uzinduzi. Dereva yule ana gari la binafsi lenye bima ya kawaida. Akigonga mtembea kwa miguu saa nane usiku akiwa na majeruhi kiti cha nyuma, kampuni ya bima inaweza kusema alikuwa amebeba mtu kwa malipo, kinyume cha mkataba. Askari wa barabarani akimsimamisha kwa mwendo, hana king'ora wala rangi ya kumtambulisha, na msamaha wa mwendo ambao sheria huwapa zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa haujamtaja. Mgonjwa akifia njiani, ndugu wanaweza kumgeuzia kibao. Akishika damu bila glavu akaambukizwa, hana mwajiri wa kumlipa fidia ya kazini. Majibu ya maswali haya manne yaandikwe katika mkataba wa dereva, kwa Kiswahili, yasomwe mbele yake kabla hajatia saini, na nakala ikae kituo cha polisi cha tarafa, ili askari wa zamu ya usiku akimsimamisha ajue huyu ni nani na ametumwa na nani.